Kutoka Dar hadi Kyerwa kwa ndege: jinsi ninavyohesabu saa

Desemba ikikaribia, ndugu zangu walioko Dar es Salaam huniuliza: kwa ndege ni saa ngapi hadi nyumbani? Tiketi haiwezi kuwajibu, kwa sababu inaishia Bukoba, na nyumbani ni Nkwenda, Kyerwa.

Mimi naanza na ramani ya simu. Gandamiza kidole juu ya uwanja wa ndege hadi namba mbili zitokee, latitudo na longitudo. Bukoba ni kama 1.3 kusini na 31.8 mashariki; Dar es Salaam ni 6.9 na 39.2. Tofauti zake ni 5.6 na 7.4. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 9.3 hivi. Karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111 kila upande, kwa hiyo umbali ni kilomita 1,030 hivi. Kwa London njia hii itakudanganya, maana mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyokwenda kaskazini.

Bukoba hutua ndege za pangaboi, mwendo wake kilomita 500 hadi 650 kwa saa. Gawanya, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka: ni saa mbili na kidogo hadi mbili na nusu hivi. Mwanza iko karibu kabisa na mstari huohuo, kwa hiyo kupitia huko hakuongezi kilomita. Kunaongeza muda wa kushusha na kupakia abiria.

Hali ya hewa haihesabiki. Novemba 6, 2022, ndege iliyotoka Dar ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki. Rubani akiamua kusubiri Mwanza, ndugu yangu, subiri naye kwa moyo mweupe. Siku ya safari usipange kikao cha harusi jioni.

Sasa ardhini, ambako saa nyingi hupotelea. Bukoba, Kyaka, Omurushaka ni lami; tenga saa mbili na nusu kwa haisi, pungufu kwa mchomoko, yaani gari dogo la abiria, ukijaa mapema. Kutoka hapo kuelekea Nkwenda, na mbele yake Murongo, uliza kwanza kama mvua imenyesha. Wa Murongo asafiri siku moja kabla, alale Bukoba. Mimi humshauri hivyo hata kiangazi.

Wengine hufikiria kushukia Kigali, Rwanda, maana huona kwenye ramani kwamba kutoka Kayanga, mji wa Karagwe, hadi Kigali ni kama kilomita 120 tu za mstari ulionyooka. Lakini katikati kuna Mto Kagera na hifadhi za wanyama. Barabara inazunguka hadi Rusumo. Ukiamua njia hiyo, kumbuka Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mtandao wa ng'ambo inaweza kubadili saa yenyewe. Zima mpangilio huo, uweke saa kwa mkono.