JE, TUUZE SHAMBA LA URITHI?

Tumeulizwa na ndugu zetu zaidi ya mmoja juu ya mashamba ya wazee yaliyoko Mtwapa, Kikambala na Takaungu, ambayo zamani yalikuwa ya minazi na miembe tu, na leo madalali huyaendea na kutaja bei za kutia kizunguzungu. Waulizaji wasema: Je, tuuze au tusiuze?

Jawabu yetu ni kuwa kabla ya suali hilo liko jingine: Shamba hili ni la nani?

Mtu akifa, katika mali yake hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Kilichobaki ni cha warithi wote, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo. Tuchukue mfano wa mtu aliyeacha ekari 8, mke mmoja, wana wawili wanaume na mabinti watatu. Mke apata thumuni, nayo ni ekari moja; kila binti ekari moja; na kila mwanamume ekari mbili. Hesabu imekwisha, wala haina fumbo. Lakini tuyaonayo katika miji yetu ni kuwa wale ndugu wawili huuza ekari zote 8, kisha dada zao wakapelekewa doti ya kanga na fedha kidogo katika bahasha, wakaambiwa watoe radhi. Na dada hunyamaza, akichelea kuambiwa amevunja udugu. Kunyamaza huko si idhini. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye kuuza fungu la mwenziwe bila ya ruhusa yake, mauzo ya fungu hilo ni batili, hata karatasi zikipigwa mihuri yote.

Wala asijisifu yule asemaye, “Sisi hatuuzi shamba la babu.” Mara nyingi maana yake ni kuwa yeye pekee ndiye anayeangua nazi. Shamba huachwa bila kugawiwa, warithi wakafa, wakarithiwa na watoto wao, mpaka hesabu iliyokuwa ya watu 6 ikawa ya watu 60, na hapo hata Kadhi huumwa na kichwa. Kutogawa ni dhulma vilevile, ila dhulma hii ina sura ya heshima.

Basi mirathi igawiwe kwanza. Katiba ya mwaka 2010 imempa Kadhi uwezo wa kuhukumu mirathi ya Waislamu wenye kukubali kumwendea. Kisha kila mtu atauza fungu lake akipenda. Na akiuza mshirika kabla ya kugawa, wenziwe wana haki ya shufaa, yaani kulitwaa fungu lile kwa bei ileile aliyolipa mgeni. Wanunuzi wengi hawalijui jambo hili, na madalali hawawaambii.

Kuuza kwenyewe si haramu. Lakini iko Hadithi aliyoipokea Ibn Majah yenye kuonya kuwa mwenye kuuza nyumba au ardhi, asiitie thamani yake katika mfano wake, hatabarikiwa. Mwenye kuuza akanunua nyumba ya kukodisha hatumlaumu. Mwenye kuuza kwa ajili ya motokaa na karamu ya siku tatu, huyo amekula shina. Na haraka ni ya nini? Kilifi watu walikuwa wakivuka kwa feri mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Njia ikinyooka, ardhi ya mbali huwa ya karibu. Tena, shamba la ukulima lahitaji idhini ya bodi ya ardhi kwa sheria ya mwaka 1967, na mapatano yasiyoipata hayana nguvu.

Khasa tuangalie fungu la yatima. Mlezi hana ruhusa ya kuuza ardhi yake ila kwa haja ya yatima mwenyewe, kama chakula na mavazi yasiyopatikana kwa njia nyingine, au kwa faida iliyo wazi, kama kupata bei iliyozidi thamani yake, naye aweza kumnunulia mfano wake kwa bei ndogo. Arusi ya ami yake haimo.