Maji ya Kisima Yametoka Wapi? Tuiulize Chumvi

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya karibu na nyumbani, Rungwe Mpya, wilayani Kasulu. Siku moja ya kiangazi nafundisha mzunguko wa maji kidato cha pili, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kijito kimekauka, mbona kisima bado kina maji? Yanatoka wapi?" Nikajibu, "Chini ya ardhi." Darasa zima likacheka. Walikuwa na haki, hilo hata bibi yake analijua. Na swali halikuwa la mchezo, maana wazee walikuwa wanabishana kisima cha pili kichimbwe wapi.

Niliporudi chuo nikalitafuta jibu, nikalikuta kwenye somo nililokuwa nalikimbia: kemia.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Jua likipiga, maji hupaa, chumvi hubaki. Shahidi mzuri ni kloraidi, kwa sababu udongo hauishiki kwa urahisi. Tuchukue namba za kujifunzia tu: mvua ina miligramu 1 ya kloraidi kwa lita, maji ya kisima yana 50. Kama hakuna kloraidi iliyotoka kwingine, wala maji yaliyotiririka kwenda zake, basi katika kila lita 50 za mvua, 49 zimerudi angani na 1 tu imefika chini. Mahali panapopata milimita 600 za mvua kwa mwaka, kinachoongezeka ardhini ni milimita 12. Ukichota zaidi ya hapo, unakula akiba.

Kwenye mito ya msimu mambo hubadilika. Mfano ni Makutupora, Dodoma, kwenye visima vinavyohudumia makao makuu ya nchi. Kina cha maji pale kimepimwa tangu miaka ya 1950. Miaka mingi maji hushuka, halafu msimu mmoja wa mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98, huyapandisha kwa kishindo. Mengi huzama kupitia mchanga wa mito ya msimu kama Little Kinyasungwe. Maji yaliyozama haraka hivyo hayakukaa juani, kwa hiyo hutarajiwa kuwa na kloraidi kidogo kuliko yaliyopenya polepole shambani. Pima visima vya karibu na korongo na vya mbali, ulinganishe. Utaanza kuona kipi kinalishwa na mto.

Ila yale maneno "kama hakuna kloraidi iliyotoka kwingine" msiyaruke. Huku kwetu Mto Ruchugi unateremka kutoka Kasulu mpaka Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi kali. Watu wamechemsha chumvi pale kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ile imetoka kwenye miamba, haikuletwa na jua. Ukipeleka hesabu yangu Uvinza, utadanganyika. Choo cha shimo nacho huongeza kloraidi, pamoja na naitreti. Zote mbili zikipanda kwa pamoja, kagua vyoo kwanza kabla hujalisingizia jua.

Sisi walimu watarajiwa tunaweza kuanza bila maabara. Wanafunzi walete maji ya mvua, ya kijito na ya kisima, kipimo kilekile, wayachemshe kwenye vyombo safi mpaka yakauke, walinganishe kinachobaki. Kisha wajaribu sabuni: maji yenye kalsiamu nyingi hayatoi povu upesi. Lakini tuwaambie ukweli kwamba jaribio hili linatoa fununu ya njia ambayo maji yamepita, halithibitishi kuwa yanafaa kunywa. Naitreti na vijidudu havionekani kwa macho; hapo lazima sampuli ipelekwe maabara.

Likizo hii narudi nyumbani. Yule binti sasa yuko kidato cha tatu na ananidai jibu. Nitaenda na chupa tatu na sufuria, na kabla wazee hawajachagua pa kuchimba, nitawaomba tupime kwanza kisima kilichopo.