Elektrolisisi: Yapasayo Kupimwa Kabla ya Kuondoa Nywele kwa Kudumu

Nywele nzito zinazoota kidevuni mwa mwanamke huleta fadhaa, na wengi hutafuta tiba ya kudumu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huitambua elektrolisisi kuwa njia ya kuondoa nywele kwa kudumu. Leza hutambuliwa kuwa hupunguza nywele tu.

Mwaka 1875 daktari wa macho wa Marekani, Charles Michel, alieleza jinsi alivyotumia sindano yenye umeme kuua mizizi ya kope zilizoota kuelekea ndani ya jicho. Kanuni haijabadilika. Sindano nyembamba huingizwa penye shina la unywele mmoja mmoja, na umeme huua mzizi kwa joto, kwa kostiki soda inayozalishwa na chumvi na maji ya mwilini, au kwa vyote viwili.

Leza hufuata rangi ya unywele, hivyo haisaidii penye mvi, na isipochaguliwa vema huweza kuunguza ngozi nyeusi. Elektrolisisi haibagui rangi. Hata hivyo, huhitaji subira: mzizi hufa vizuri unywele ukiwa katika kipindi cha kukua, na nywele hazikui zote kwa pamoja. Kwa hiyo mgonjwa hurudi mara nyingi, pengine kwa mwaka mzima au zaidi. Katika kipindi hicho anaweza kunyoa, lakini asing'oe, kwani sindano hufuata njia ya unywele.

Madhara yake ni maumivu, wekundu, madoa meusi, maambukizi na makovu. Mwenye historia ya keloidi, au aliyewekewa kifaa cha umeme cha kuratibu mapigo ya moyo, amwone daktari kwanza. Sindano iwe mpya na safi kwa kila mtu.

Lililo kubwa zaidi ni chanzo. Elektrolisisi huua mizizi iliyopo. Haizuii homoni kuamsha mingine. Mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika huenda ana ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Nywele zikizidi ghafla ndani ya miezi michache, au sauti ikiwa nzito, uvimbe wa ovari au wa tezi zilizo juu ya figo uchunguzwe bila kukawia. Mhudumu wa afya aulize hayo kabla ya kumwelekeza mgonjwa kwenye sindano, maana kidevu kilicho laini hakithibitishi kwamba maradhi yamepona.