Umerudi na Shahada ya Udaktari: Namna ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Baraza

Shahada ya udaktari uliyopewa Guangzhou, Kharkiv au Chennai ni yako, na hakuna wa kukunyang'anya. Lakini haikupi ruhusa ya kumdunga mtu sindano Kakamega. Kenya ina Sheria ya Madaktari na Wataalamu wa Meno, Sura ya 253, na kwa sheria hiyo anayetibu kama daktari ni yule tu aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno, KMPDC. Mkenya aliyehitimu nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hufanya kwanza mtihani wa baraza, akipita ndipo anapoingia mwaka wa uanagenzi hospitalini, na usajili kamili huja baada ya mwaka huo. Waliosoma Uganda, Tanzania au Rwanda wana utaratibu wao, kwa kuwa mabaraza ya nchi wanachama hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja.

Usiuone mtihani huu kama adhabu iliyotungwa kwa ajili yako. Wahindi wanaosoma udaktari Urusi, Ufilipino au China wanakutana na mtihani wao wakirudi nyumbani: tangu 2002 kuna uitwao FMGE, maswali 300 kwa siku moja, na anayetaka kupita lazima apate 150. Wengi huanguka. Marekani na Uingereza nazo hazimpokei daktari wa nje bila kumpima. Kila nchi inataka kujua jambo lile lile, kama huyu mgeni wa wodi zetu atamtambua mgonjwa wetu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea maandalizi. Anarudi hapa Lurambi, Kakamega, anajifungia chumbani mtaa wa Kefinco au Sichirai, anapakua maswali maelfu yaliyotungwa kwa ajili ya mtihani wa Marekani, anayakariri miezi mitatu. Atajua sana ugonjwa unaompata Mmarekani mzee mwenye mafuta kwenye mishipa, na bado atababaika mbele ya mtoto wa Navakholo aliyeletwa na degedege. Maswali hayo yana faida yake, hasa kwa kunoa kumbukumbu. Yasiwe chakula chako kikuu.

Anza na kijitabu cha Wizara ya Afya kiitwacho Basic Paediatric Protocols. Ni kidogo, kinaingia mfuko wa koti, na kila mwanagenzi nchini hukitumia. Kisome mpaka uweze kufunga macho na kueleza ukurasa. Sababu ya kukisisitiza hivi ni kwamba tiba ya mtoto hapa kwetu hailingani na ya vitabu vya ng'ambo, na tofauti hiyo imelipiwa kwa maisha ya watu. Mnamo 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Vitabu vya wakati huo vilifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo afunguliwe dripu ya haraka. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa dripu ya haraka walikufa kama 10.6, na kati ya wale ambao hawakupewa walikufa 7.3. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo katika utafiti huo, na hilo nalo ulishike, maana anayeharisha mpaka macho yameingia ndani anahitaji maji kwa haraka kweli kweli. Basi msahihishaji akikuwekea mtoto mwenye homa, mikono baridi na asiyeharisha, ukajibu kwa kitabu ulichosomea mbali, umemuua mtoto wa karatasi. Kesho angekuwa wa kweli.

Malaria nayo uijue kama mtu wa eneo la ziwa. Kakamega iko katika ukanda ambako malaria haina msimu wa kwenda likizo kabisa. Jipe mazoezi ya namna hii: mtoto ana kilo 14, amepoteza fahamu, kipimo kinaonyesha malaria. Artesunate kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo 42. Unampa sasa, unarudia baada ya saa 12 na tena saa 24, kisha akiweza kumeza anamalizia kwa dozi kamili ya vidonge vya artemether-lumefantrine. Lakini kabla hujafika kwenye hesabu hiyo, je, ulipima sukari yake? Ulitazama kama anapumua vizuri? Kiganja chake ni cheupe kiasi gani, anahitaji damu? Mpangilio huo wa maswali ndio unaotofautisha aliyesoma na aliyekariri. Ongeza selimundu, ambayo magharibi mwa Kenya ni nyingi na pengine uliiona kwa picha tu huko ulikokuwa. Ongeza kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi na dawa zake za sasa, kuumwa na nyoka. Upande wa uzazi, kifafa cha mimba kijue kwa vitendo: dozi ya kwanza ya magnesium sulphate, na kwamba kabla ya dozi inayofuata unaangalia goti linavyoruka ukiligonga, pumzi kwa dakika, na mkojo, huku calcium gluconate ikiwa karibu.

Masomo manne ndiyo nguzo: magonjwa ya ndani, upasuaji, tiba ya watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Usiache hata moja kwa kuwa hulipendi.

Karatasi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtu aliye mbele yako, na hapa aliyesomea kwa lugha ya watu wengine ana deni la kulipa. Kuna wenzetu waliokaa wodini China miaka miwili bila kuzungumza na mgonjwa ana kwa ana, kila neno likipita kwa mkalimani au kwa mwanafunzi mwenyeji. Wengine mwaka wa 2020 walifungiwa nje ya nchi hiyo wakamaliza masomo kwa kompyuta sebuleni. Vita vya Ukraine vya 2022 navyo vikawakatiza wengine njiani. Kama ni wewe, usijilaumu, tafuta wodi.

Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kakamega iko hapa hapa Lurambi. Andika barua kwa msimamizi wa hospitali, ambatisha nakala za vyeti, eleza wazi kwamba unajiandaa kwa mtihani wa baraza na unaomba kufuatana na madaktari wanapopitia wagonjwa. Ukikubaliwa, nenda na unyenyekevu. Msikilize nesi aliyekaa wodi ya watoto miaka 20 na mwite sista kama wenzako wanavyomwita. Mtabibu wa zamu ya usiku ameona malaria kali nyingi kuliko profesa wako. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro nao wanasoma kwa vikundi. Omba kujiunga nao hata kama umewazidi umri.

Jifunze jinsi mama wa hapa anavyosimulia. Atasema mwili wa mtoto unachemka, kifua kinambana, anaenda choo kila saa, roho inadunda. Atakuambia ameanza kuumwa tangu Jumapili iliyopita, au tangu walipotoka matanga. Wewe uyageuze maneno hayo kuwa historia ya ugonjwa yenye mpangilio, kisha uiwasilishe kwa Kiingereza cha wodini bila kusitasita. Fanyeni watatu watatu: mmoja awe mama, mmoja daktari, wa tatu ashike saa na karatasi ya alama. Dakika kumi zikiisha, simama, hata kama hujamaliza. Usisahau kujitambulisha, kunawa mikono na kuomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu. Alama hizo ni za bure na watu huziacha mezani.

Jambo moja usilifanye kabisa ukisubiri. Majirani watakuja jioni na mtoto, shangazi atakuletea mguu uliovimba, mwenye kliniki ya mtaani atakupa kiti na malipo ya siku. Kataa kutibu. Mwelekeze mgonjwa kituo cha afya, mfuate ukipenda, mshike mkono, lakini usiandike dawa. Kutibu bila usajili ni kosa la jinai, na kunaweza kukufungia mlango ambao wazazi waliuza ng'ombe na kuita harambee ili uufikie. Nyumbani waeleze mapema kwamba kati ya kushuka ndege na mshahara wa kwanza kuna mtihani, kuna kusubiri nafasi ya uanagenzi, na kuna mwaka mzima wa uanagenzi wenyewe. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulitokana kwa sehemu kubwa na kucheleweshwa na kulipwa kidogo kwa hao hao wanagenzi. Familia ikilijua hilo haitakudhania mvivu.

Vyeti vishughulikie kabla hujafunga mabegi kurudi. Chukua chuoni rekodi kamili ya masomo, ithibati ya miezi uliyokaa kila wodi, na tafsiri rasmi ya kila kilichoandikwa kwa Kichina, Kirusi au Kihispania. Ukiwa Lurambi, kumpata karani wa chuo cha mbali ajibu barua pepe ni kazi ya miezi. Shahada itambuliwe rasmi nchini, na majina yawiane herufi kwa herufi na ya kitambulisho na cheti cha KCSE. Ukiwa na jina la Kiluhya lililoandikwa kwa namna mbili, rekebisha sasa kwa hati ya kiapo. Ombi la mtihani pitisha kwenye mfumo wa baraza wenyewe, na ukikwama fika ofisi zao Nairobi, Barabara ya Woodlands. Usimpe senti wakala anayedai ana mtu ndani.

Na kwa mzazi ambaye mwanawe bado yuko nyumbani na alama za KCSE mkononi: kabla ya kulipa ada, liandikie baraza uulize kama chuo hicho wanakitambua, na kama alama za mtoto zinatosha kusomea udaktari kwa masharti ya Kenya. Jina la chuo kuonekana katika orodha ya kimataifa ya shule za udaktari halimaanishi kimekaguliwa. Omba jibu kwa maandishi, na mtoto akishaanza masomo ajisajili na baraza kama mwanafunzi tangu mwaka wa kwanza.