Kuacha Kahawa Bila Kuumwa Kichwa

Kadiri mtu anavyokaa macho, ndivyo ubongo wake unavyokusanya kemikali iitwayo adenosini, na ikizidi, usingizi humjia. Kafeini iliyomo kwenye kahawa hufanana nayo kwa umbo, kwa hiyo huwahi nafasi zake kwenye seli za ubongo na kuizuia isifanye kazi. Uchovu unabaki palepale, ila mwenyewe hausikii. Kwa mnywaji wa kila siku, ubongo hujibu kwa kuongeza nafasi za kupokelea adenosini, na hapo kikombe cha asubuhi huanza kunywewa ili kichwa tu kisiume.

Si kila mnywaji ana haja ya kuacha. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku bila wasiwasi, na mjamzito 200. Anayelala vizuri na asiyesumbuliwa na moyo wala tumbo anaweza kuendelea na kikombe chake kwa amani. Wanaofaa kupunguza au kuacha ni wale wanaokesha bila sababu, wanaopatwa na kiungulia au mapigo ya moyo kwenda mbio, wenye wasiwasi usioisha, na wajawazito, ambao miili yao hukawia sana kuiondoa kafeini. Mwenye upungufu wa damu naye asinywe kahawa wala chai pamoja na mlo, kwani vinywaji hivyo hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye mboga na nafaka.

Kabla ya kupunguza, sharti ijulikane kafeini inaingia kwa njia zipi, na hapa wengi hujidanganya. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja kina miligramu 100 hivi. Kahawa ya robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro au Mbinga, na wazee wa Bukoba wanaotafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa huipata bila hata kushika kikombe. Chai ya rangi ina miligramu 40 hadi 50 kwa kikombe kikubwa, kwa hiyo anayehama kutoka kahawa kwenda chai amepunguza tu, hajaacha. Kopo dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu lina miligramu 80. Hata Panadol Extra ina miligramu 65 kwa kidonge. Anayeimeza ili kutuliza kichwa kinachouma kwa kukosa kahawa atapata nafuu kweli, kwa sababu amerudishiwa kafeini ileile. Anayetaka kuacha atumie paracetamol ya kawaida.

Arosto ya kahawa huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, na kwa kawaida huwa imekwisha kabla ya siku kumi. Dalili kuu ni maumivu ya kichwa, maana kafeini hubana mishipa ya damu ya kichwani na ikikosekana mishipa hutanuka. Zinafuata uchovu, hasira za karibu na akili kuwa nzito. Watu wa pwani huijua hali hii hata kama hawaipi jina: siku mbili za mwanzo za Ramadhani, ifikapo alasiri, vichwa vinauma, na lawama zote zinaangukia njaa. Mara nyingi kahawa iliyokosekana asubuhi nayo huchangia maumivu hayo.

Dawa yake ni kuanza mapema. Mfungaji anayeanza kupunguza katikati ya Shaabani huingia Ramadhani akiwa salama, na utaratibu huohuo unamfaa yeyote anayetaka kuacha moja kwa moja. Kinaondolewa kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tatu, kwa kuanza na cha jioni. Nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano hivi baada ya kunywewa, kwa hiyo kahawa ya saa kumi na moja jioni bado iko nusu saa nne usiku, mtu anapotafuta usingizi. Cha asubuhi kinaachwa mwisho, nacho kinapunguzwa ukali kidogokidogo. Anayeacha sigara wakati huohuo ajue kwamba moshi wa tumbaku hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Sigara ikikoma na kahawa ikabaki kiasi kilekile, kafeini hupanda mwilini na mikono huanza kutetemeka.

Kwenye vibadala ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa wanatafuta faida za mmea na kusahau mazoea ya mnywaji. Aliyezoea kahawa chungu ya barazani, inayomiminwa kutoka kwenye dele la moto, huwa amezoea ukali, harufu, kikombe kidogo na maongezi. Ukimpa maji ya ndimu atavumilia siku tatu. Kinachokaribia zaidi ni shayiri ya kukaanga, ambayo Waitaliano wameinywa badala ya kahawa kwa miaka mingi. Kikombe kimoja cha shayiri kavu kinakaangwa kwenye kikaango kizito, kwa moto mdogo, huku kikigeuzwa bila kupumzika mpaka punje ziwe na rangi ya buni iliyokaangwa na jiko zima linukie mkate ulioungua kidogo. Hapo inatwangwa iwe chengachenga. Vijiko viwili vikubwa kwa nusu lita ya maji, pamoja na iliki na kipande cha tangawizi iliyopondwa, vinachemshwa dakika kumi na kuachwa vitulie. Ni chungu, ni nyeusi, inakwenda na kashata au tende, na haina kafeini hata chembe. Katika nchi za Ghuba, kokwa za tende hukaangwa na kusagwa kwa matumizi hayohayo.

Mchaichai na tangawizi vinafaa zaidi jioni. Choya, yaani rozela, ni chachu na nzuri ikiwa baridi, ila hushusha shinikizo la damu, kwa hiyo anayemeza dawa za presha amuulize daktari kwanza. Kahawa iliyoondolewa kafeini hubakiwa na miligramu chache kwa kikombe. Ni daraja zuri kwa anayeshindwa kuachana na ladha, ingawa madukani bei yake huumiza. Miraa haimo kabisa kwenye orodha hii. Haina kafeini, lakini kichangamshi chake ni kikali zaidi.

Baraza lenyewe halina haja ya kukimbiwa. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtu anaweza kukaa jioni nzima akibishana siasa akiwa na kikombe cha tangawizi alichokuja nacho, na atakayemtania atachoka.

Baada ya wiki kadhaa uvumilivu wa mwili kwa kafeini huwa umekwisha. Anayerudi kwenye kahawa aanze na kikombe kimoja cha asubuhi, kwa sababu vile vitatu ambavyo zamani havikumtikisa sasa vitamkosesha usingizi.