Weka Namba Yako ya Simu Kwenye Picha ya Kuwakia Kompyuta, Bure

Ukiwasha laptopu ya Windows, kabla ya pasiwedi inatokea nembo ya kampuni iliyoitengeneza na vidoti vinavyozunguka chini yake. Nimetengeneza kompyuta Riyadh, sasa niko Jeddah, na kila ndugu wa Afrika Mashariki anayeniletea mashine namshauri aitoe nembo ile, aweke jina lake na namba ya simu.

Huku Saudi Arabia laptopu hazitulii. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha King Saud kule Riyadh na wa King Abdulaziz hapa Jeddah, kuna basi la kati ya miji hii miwili linalokata zaidi ya kilomita 900, na tangu Desemba 2024 kuna Metro ya Riyadh. Begi likisahaulika kwenye kiti, muungwana anayeliokota hana pa kuanzia. Stika huchakaa ikabanduka, na ndani kuna pasiwedi. Lakini akibonyeza tu kitufe cha kuwasha, picha yenyewe inamwambia ampigie nani.

Programu ninayotumia ni HackBGRT. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inapatikana GitHub kwa mtengenezaji anayejiita Metabolix. Pakua hapo hapo, si kwenye tovuti za kukusanya programu za watu. Kazi yake ni rahisi kueleza. Tangu Windows 8, mwaka 2012, Windows huichukua nembo kutoka kwenye jedwali dogo ambalo kompyuta huliandaa ikiwaka, liitwalo BGRT. HackBGRT hutangulia mbele ya Windows, ikabadilisha picha iliyomo kwenye jedwali hilo, kisha ikaiacha Windows iendelee. Kwa hiyo usishangae ukiona nembo ya kampuni ikipita haraka mwanzoni kabisa; hiyo iko kwenye chipu ya ubao wenyewe na programu hii haiigusi.

Kazi kubwa iko kabla ya kusakinisha. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32. Kwenye BIOS Mode lazima pasomeke UEFI. Pakiwa Legacy, programu hii haikufai. Papo hapo angalia Secure Boot State. Ikiwa imewashwa, soma maelezo yaliyomo kwenye folda ya programu: matoleo mapya yanakubali iendelee kuwaka, ila mara ya kwanza utatakiwa kuiidhinisha programu kabla Windows haijafunguka.

Halafu BitLocker, kufuli la diski la Windows. Hapa nakuomba usiwe na haraka. Laptopu nyingi za Windows 11 zinafunga diski zenyewe bila mwenyewe kujua, na mabadiliko ya namna hii yanaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, uutafute ufunguo huo, uuandike kwenye karatasi. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike manage-bde -protectors -disable C: ili kuusimamisha ulinzi kwa muda. Nakili na mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. Laptopu ya kazini usiiguse bila ruhusa ya watu wa IT.

Sasa picha. Fungua Paint, jaza rangi nyeusi, kwa sababu sehemu iliyobaki ya skrini nayo huwa nyeusi na ukingo wa picha hautaonekana. Mstari wa kwanza uwe wa Kiarabu, kwamba aliyeikuta laptopu hii tafadhali apige simu. Wa pili Kiingereza. Kisha jina, na namba kwa herufi kubwa kuliko vyote, ikianza na +966. Namba iwe ya ndugu au rafiki mnayeaminiana, maana simu yako huenda imepotea pamoja na begi. Namba ya iqama, yaani kibali cha ukaazi, usiiweke kamwe. Hifadhi kama BMP ya biti 24.

Kusakinisha ni dakika chache. Fungua folda ya zip, badilisha kibodi itoke kwenye Kiarabu, endesha setup.exe na ukubali haki za msimamizi, kisha bonyeza I. Itakufungulia faili la mipangilio kwenye Notepad, ambalo unaweza kuliacha lilivyo, kisha picha ya mfano kwenye Paint. Bandika yako juu yake, hifadhi kwa jina lile lile la splash.bmp, funga, uwashe upya. Anayetaka picha zaidi ya moja anaziorodhesha kwenye faili la mipangilio, na programu itachagua moja kwa bahati kila kompyuta inapowaka.

Wenye ThinkPad wana njia nyingine: kwa modeli nyingi, zana ya Lenovo ya kusasisha BIOS inakubali faili lako la nembo, na hapo hata ile nembo ya mwanzo kabisa inabadilika. Naiheshimu njia hiyo, ila BIOS haisasishwi bila chaja kuchomekwa na umeme wa uhakika.

Ukiichoka, setup.exe hiyo hiyo ina chaguo la kuizima na la kuiondoa kabisa. Na ukibadilisha laini ya simu, iendeshe tena siku hiyo hiyo uweke picha yenye namba mpya.