SOMO KWA KARAKANA ZA SKULI: UMEME UNAPOKATIKA NA KURUDI

Walimu wa karakana za skuli na mafundi wanaowasaidia wanakumbushwa kuwa mashine iliyonyamaza si lazima iwe imezimwa. Umeme ukikatika wakati mwanafunzi anapasua ubao, msumeno husimama. Lakini swichi ya kawaida hubakia pale pale ilipo, na umeme ukirudi msumeno huanza kuzunguka wenyewe. Mwanafunzi aliyekwisha kupeleka mkono kuondoa kipande kilichokwama hana nafasi ya kuurudisha. Wakaazi wa Unguja hawajasahau kiza cha takriban mwezi mmoja mwaka 2008, wala kile cha miezi mitatu hivi kilichoanza Disemba 2009. Hata hivyo, katika karakana, katizo la dakika mbili ndilo la kuogopwa zaidi, kwani watu huwa bado wamesimama mbele ya mashine.

Kinga yake ni swichi ya sumaku. Ndani yake mna koili inayoshika viunganisho muda wote umeme unapopita. Umeme ukikatika, springi huviachanisha, na mashine haiwaki tena mpaka kitufe kibonyezwe upya. Ili kuijaribu, mwalimu awashe mashine bila ya ubao, azime swichi kuu, angoje msumeno usimame kabisa, kisha awashe swichi kuu huku watu wote wakiwa mbali. Mashine ikianza yenyewe, wanafunzi wasiitumie hadi fundi umeme atakapoirekebisha. Penye mashine isiyo na swichi hiyo, umeme unapokatika, jambo la kwanza ni kuizima na kuchomoa plagi.

Aidha, msumeno wa mviringo usitumiwe bila ya kifuniko chake, wala bila ya kisu kinachosimama nyuma yake. Kisu hicho, ambacho mara nyingi huondolewa kwa kudhaniwa ni kizuizi tu, huzuia mpasuko wa ubao usijifunge na kuubana msumeno. Ukibanwa, ubao hurushwa nyuma kumwelekea anayeusukuma. Sentimita 30 za mwisho zisukumwe kwa kijiti, si kwa vidole.

Ushungi uchomekwe ndani ya koti la kazi na mikono ya nguo ifungwe. Glavu, ingawa wengi hushangaa, hazivaliwi kwenye keekee ya umeme: uzi mmoja ukinaswa, mkono mzima hufuata.

Ufunguo wa swichi kuu ukae kwa mwalimu wa kipindi, humo humo karakanani, si katika ofisi ya skuli.